Andika Minza

Bi Kokila aliingia dukani kwangu, Makoroboi,
saa nne asubuhi, umeme umerudi hivi punde,
mashine ya fotokopi bado inakohoa.
Nyuma yake Minza, na mwavuli, na bahasha ya kaki.

Akatoa paspoti. Jalada limepauka;
simba na farasi wa pembe moja wameshika ngao
kama mabaunsa wa mlangoni.
Nikasoma. Nikarudia.
Raia wa Uingereza wa Ng'ambo.
Na ndani, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
mwenye hati hii hana haki ya kukaa huko.

"Ufunguo ninao," akasema. "Nyumba ndiyo sina."

Baba yake alipima pamba Nyanguge.
Uhuru ulipokuja, watu wakaambiwa wachague,
yeye akasema: ngoja kidogo, tuone.
Kidogo hicho sasa kina miaka sitini na kitu.
Akafa akiona. Majivu yake yakamwagwa ziwani.
"Katika ukoo wetu," anasema Bi Kokila,
"ni yeye tu asiyedaiwa kibali."

Binti kila miaka miwili anapanda ngazi za Uhamiaji,
analipa ili akae palipozikwa kitovu chake.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
siku ya elfu ishirini na saba je,
wahenga walisema apewe nini?
Lile jiwe letu la ufukweni
lina jina la Mjerumani ambaye hakuwahi kuliona,
limekaa juu ya jiwe mwenzake,
na hakuna anayeuliza liliingilia mpaka upi.

Mdogo wake, Hansa, yuko Lesta
tangu mwaka ule majengo yalipotaifishwa.
Kapiga simu usiku: dada, njia ni mbili.
Ya kwanza, kuandikishwa.
Delhi waandike: huyu si wetu.
Dodoma waandike: huyu si wetu.
Ukishakanwa kote, ndipo watakufikiria.
Ya pili, visa ya mzee tegemezi.
Uthibitishe kwamba mwili umechoka
na kwamba Tanzania nzima
hakuna wa kukutunza, hata wa kulipwa.

"Hiyo ya pili," alisema Bi Kokila. "Ya kwanza inaniuma."

Nikafungua fomu, mtandao unasuasua.
Jina. Tarehe. Mahali pa kuzaliwa: Mwanza.
Maradhi: magoti, sukari, jicho la kushoto.
Kisha:
nani anakuhudumia sasa?

Nje mafundi wanagonga mabati ya koroboi.
Minza amechutama, anamfunga kamba ya kiatu.
Miaka thelathini na mmoja.
Kigujarati cha jikoni anacho chote,
naye kamfundisha Bibi matusi ya Kisukuma,
yale ya heshima.

Nikanong'ona: hapa watu huandika "Hakuna."
Ukitaja jina watasema unaye mtu, baki naye.

Hakunijibu. Aliutazama utosi wa Minza,
pale kitambaa kilipoteleza na mvi zikachungulia,
akakirudisha kwa vidole viwili.

"Andika Minza."

"Bibi, lakini..."

"Minza Ng'wandu. Ile ng' yenye alama juu, usiikose.
Hansa atanigombeza. Basi, si amezoea?"

Nikaandika. Nikabonyeza.
Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Akalipa elfu tatu, akasimama kungoja chenji ya mia tano.

Minza akauliza: mmeandika nini humo?
Bi Kokila akamjibu kwa Kigujarati, maneno machache,
mimi sikuambulia hata moja.
Minza hakucheka. Alifungua mwavuli mle mle ndani,
mkosi au si mkosi,
akasema twende, bamia nzuri huisha mapema.